Kiboksi cha umeme tuli cha 85,000: Dar kiligoma, Dodoma kikawaka

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. 85,000, Kariakoo, duka la vifaa vya maabara, jina silitaji kwa sababu yule kaka wa pale hana kosa kubwa na mi bado narudi kwake kununua bika na thamomita. Alianzia laki na ishirini, nikamwambia mi ni mwalimu wa tuisheni ya mtaani, akacheka akasema "haya ticha chukua, ila usimwambie mtu umechukua bei hiyo". Samahani kaka, ndo nshasema.

Boksi lina ukubwa kama katoni ya maji ya chupa ndogo. Juu kuna picha ya mtoto wa kizungu nywele zimesimama wima, na ndani hakuna kifaa hata kimoja cha kusimamisha nywele za mtu, sijui ile picha waliitoa wapi. Kilichomo ni fimbo tatu, kitambaa cha hariri, kipande cha sufu, elektroskopu (chombo chenye jani jembamba la chuma linalonyanyuka likipata chaji), elektroforasi (ile sahani ya chuma yenye mpini wa plastiki), mashine ya kuzungusha kwa mkono, mipira minne midogo ya povu iliyopakwa rangi nyeusi inayopitisha umeme, kisahani cha kioo cha kuonyeshea mistari ya uga (uga ni eneo linalozunguka chaji ambamo inavuta au kusukuma), waya mbili na kikaratasi cha maelekezo ambacho ntakisema baadaye maana kiliniudhi.

Mi nafundisha fizikia fomu two, jioni, barazani kwangu Mbagala, watoto kumi na nne siku wakijaa. Umeme tuli, yani ule wa kusugua vitu mpaka vishike chaji, ni mada ambayo watoto wengi wanaipata kwa mdomo tu. Wanakariri chaji zinazofanana zinasukumana zisizofanana zinavutana kama wanavyokariri shairi, ila ukimuuliza ushawahi kuona zikisukumana anakuangalia kama umemuuliza ashawahi kuona jini. Nikasema mwaka huu nanunua vifaa, wataona kwa macho yao.

Kosa langu lilikuwa tarehe. Nilinunua katikati ya Aprili, masika imekaza, kuta zinatoa jasho, chumvi kwenye kopo imekuwa uji, nguo umeanika Jumatatu Alhamisi bado mbichi. Nikawakusanya watoto, nikatoa fimbo ya polithini kwa mbwembwe zote, nikaisugua na sufu mara thelathini, nikaisogeza kwenye vipande vya karatasi. Hola. Karatasi hata moja haikutikisika. Nikasugua tena, mkono unauma, jasho linanitoka (na jasho lenyewe ndo lilikuwa linazidi kuharibu mambo), hola. Mtoto mmoja wa nyuma akasema "Ticha labda umeme umekatika". Baraza zima likacheka, na mi nikacheka kwa nje.

Usiku nikakaa na kile kiboksi kama mtu anayekagua simu feki. Nilikuwa nshaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia yule kaka wa Kariakoo, bahati nzuri nikafikiri kabla sijapanda daladala. Tatizo halikuwa fimbo. Wengi tunasema hewa yenye unyevu inapitisha umeme kwa hiyo chaji inaondokea hewani, lakini sehemu kubwa ya wizi haifanyiki hewani, inafanyika juu ya ngozi ya fimbo. Unyevu ukizidi kila kitu kinavaa utando wa maji mwembamba usioonekana, na yale maji sio masafi, yana chumvi ya jasho lako na vumbi, sa ule utando unageuka njia ya panya, chaji inateleza juu ya plastiki mpaka kwenye vidole, vidole mpaka mwilini, mwili mpaka sakafuni. Na chaji yenyewe ni kiduchu mno, hapa tunahesabu kwa nanokulombu yani kulombu (kipimo cha chaji) moja uigawe mara bilioni, ikipata upenyo kidogo tu imeshaisha kabla hujaifikisha kwenye karatasi.

Kesho yake nikaenda saluni ya jirani kuazima draya.

"Ticha, draya ya nini na kichwa chenyewe kipara?"

"Nakausha plastiki dada'angu."

"Haya, ila saa kumi iwe imerudi, nina bibi harusi."

Sekunde arobaini kwenye fimbo, ishirini kwenye sufu, mikono nikaifuta vizuri. Nikasugua mara kumi tu. Aisee. Karatasi ziliruka zikang'ang'ania ile fimbo kama kumbikumbi kwenye taa ya barazani, halafu zikakaa kidogo, halafu moja moja zikaanza kuchomoka na kurushwa pembeni kama zimefukuzwa. Binti mmoja akauliza "Ticha, mbona zimebadili mawazo?" na mi nakwambia hilo swali peke yake lilirudisha nusu ya hela yangu. Kwa sababu mwanzoni karatasi haina chaji ya ziada, ila fimbo ina negativu, inazisukuma elektroni (vichembe vya negativu) za ndani ya karatasi zisogee kidogo upande wa mbali, upande wa karibu unabaki na upozitivu, na kwa kuwa uga wa umeme unapungua kadiri unavyokwenda mbali, mvuto wa upande wa karibu unazidi msukumo wa upande wa mbali, karatasi inaruka. Ikishagusa fimbo inaibiwa upozitivu wake na kuachiwa negativu, wanafanana sasa, anafukuzwa. Nimefundisha miaka sita sijawahi kuieleza hiyo bila kuona mtoto anapiga miayo, siku ile hakuna aliyepiga.

Sasa kifaa kimoja kimoja.

Fimbo. Polithini nzuri, ebonaiti (raba ngumu) nzuri inanuka kama tairi jipya. Ya tatu imeandikwa fimbo ya kioo na sio kioo, ni akriliki, ukiigonga na kucha unajua. Matokeo hayabadiliki, akriliki ukiisugua na hariri inakuwa pozitivu kama ambavyo kioo kingekuwa, lakini si waandike tu akriliki, kwani nani angegombana nao? Na hapa nitoke nje kidogo ya mada. Binamu yangu yuko Maskati, nilimtumia video ya karatasi zinaruka akanijibu "eeh kahraba hiyo", kule umeme wanauita kahraba. Sa na sisi Kiswahili tunalo neno kaharabu, ile gundi ya miti iliyokauka miaka na miaka wanaitengenezea tasbihi na shanga, na ndo hiyo hiyo ambayo Wagiriki wa kale waligundua ukiisugua inavuta vitu vyepesi, wao wakiiita elektron. Kwa hiyo Mzungu na Mwarabu wote wawili jina la umeme wamelitoa kwenye shanga iliyosuguliwa, sisi tumelitoa kwenye radi. Nilipowaambia watoto, mmoja akasema sisi tulianzia kwenye mzigo mkubwa.

Elektroskopu. Boksi linasema jani la dhahabu, ni alumini, sawa, kwa 85,000 nani alitegemea dhahabu. Kilio changu ni kwamba mlango wake wa kioo haufungi vizuri, na jani liko mtupu kwa yeyote atakayepiga chafya, na kuna mtu alipiga chafya siku ya tatu. Nikakata ukanda mwembamba wa foili ya jikoni nikabandika, inafanya kazi ila nzito, inanyanyuka nusu ya pale. Wangeweka hata majani mawili ya akiba.

Ila kwa kufundishia kuchaji bila kugusana hakuna kama hiki kidude. Unasogeza fimbo ya negativu karibu na kofia ya juu bila kugusa, elektroni zinakimbilia chini, jani linanyanyuka. Fimbo ikiwa pale pale unagusa kofia na kidole, elektroni zinapata mlango wa kukimbilia mwilini mwako, jani linaanguka. Halafu, na hapa ndo wote wanakosea, unaondoa KIDOLE kwanza, fimbo baadae. Jani linanyanyuka tena lenyewe, safari hii elektroskopu ni pozitivu japo umeichaji na fimbo negativu na hazijawahi kugusana. Ukiondoa fimbo kwanza huku kidole bado kipo, elektroni zinarudi nyumbani kwa njia ile ile na hupati kitu. Watoto saba kati ya kumi na nne waliondoa fimbo kwanza. Nikawaacha wakosee bila kusema neno, mpaka wakaanza kugombezana wenyewe "wewe toa kidole!" "kidole kwanza!", sasa imekuwa msemo barazani, mtu akifanya jambo kinyume wanamwambia kidole kwanza.

Elektroforasi ndo kitu cha maana kuliko vyote humo ndani na kwenye boksi wamekipa picha ndogo kuliko kitambaa. Ni bamba la plastiki na sahani ya chuma ya duara yenye mpini, basi. Unasugua bamba, unalaza sahani juu yake, unagusa sahani na kidole (cheche ndogo, tik), unatoa kidole, unanyanyua sahani kwa mpini, tayari ina chaji pozitivu, unaisogeza kwenye kitu unapata cheche nyingine. Unarudisha, unagusa, unanyanyua, cheche. Tena. Tena. Bamba hujalisugua tena. Nilihesabu cheche 23 kwa msuguo mmoja, na hapo ni Dar na draya, sio kwenye ukavu.

Kijana mmoja anayejifanya mbishi akasema Ticha hiyo ni umeme wa bure. Swali zuri kuliko yote ya mwaka na sikumjibu, nikampa ashike mpini, nikamwambia nyanyua polepole usikilize mkono. Chaji ya sahani inavutwa na chaji ya bamba, kuna kazi unaifanya kuzitenganisha, na nishati ya cheche inatoka kwenye hiyo kazi, kwenye msuli wako, yani kwenye ugali uliokula mchana. Kwa kweli kwa mkono huwezi kuhisi tofauti, nguvu ni ndogo sana, lakini alinyanyua kama mtu anayesikiliza kweli. Chaji ya bamba haiendi popote, sahani inagusana na plastiki kwenye vinundu vichache tu na plastiki haiachii elektroni zake kirahisi. Hiki kidude ni cha siku nyingi, Mwitaliano Volta aliyepewa jina la volti alikitangaza mwaka 1775, na nadhani kingeuzwa peke yake kwa elfu kumi kingetosha shule nzima.

Nyongeza ambayo haiko kwenye kikaratasi. Chukua tester ya bisibisi ya fundi umeme, ile yenye kitaa cha neoni, shika kile kichuma cha nyuma kama unavyopima soketi, gusisha ncha kwenye sahani iliyonyanyuliwa. Inamulika mara moja. Zima taa za ndani uangalie kwa karibu sana: kwenye soketi vyuma vyote viwili vya ndani ya kile kitaa vinawaka, kwa sababu umeme wa ukutani unageuka geuka, ila kwenye sahani kinawaka kimoja tu, kile cha upande wa negativu. Sahani ikiwa pozitivu kinawaka cha upande wa mkono wako. Kwa hiyo tester ya buku mbili inakwambia chaji ni ya aina gani. Niligundua usiku saa nne nikamwamsha mke wangu aje aone, akasema vizuri, akarudi kulala.

Mashine ya kuzungusha. Hii ni ya mtindo wa Wimshurst, Mwingereza wa miaka ya 1880, diski mbili za plastiki zenye vipande vya foili zinazunguka kinyume, brashi, na chupa mbili ndogo za kuhifadhia chaji. Inaanza na kichaji kidogo tu kilichozagaa na kukizidisha kwa mtindo ule ule wa kidole kwanza, sema haraka haraka. Boksi linasema cheche ya sentimita 5. Barazani kwangu bila draya: sifuri. Na draya: milimita 8, na mkanda wa raba unateleza ukizungusha kwa nguvu, nimeutoa nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Hewa inavunjika, yani inaanza kupitisha cheche, kwenye uga wa kama volti milioni 3 kwa mita, kwa hiyo milimita 8 ni zaidi ya volti elfu ishirini, watoto wakashtuka, sasa mbona hatujafa? Kwa sababu volti nyingi lakini chaji kiduchu, inaisha papo hapo. Haimaanishi ni ya kuchezea ovyo, kijana mmoja aliweka vidole kwenye vigololi viwili akaruka kama amekanyaga siafu, na asije mtu akaunganisha chupa kubwa za kutengeneza mwenyewe hapo, chaji ikilundikana utani unaisha. Mwenye kifaa cha moyo asikae karibu kabisa.

Kisahani cha mistari ya uga. Unamimina mafuta, unanyunyiza suji, unaweka vyuma viwili, unaunganisha na mashine, punje za suji zinajipanga kufuata uga. Mafuta hayaji na boksi, wanataka mafuta ya nyonyo, nikanunua kwa dada yule yule wa saluni maana wanapaka nywele, chupa 6,000, kwa hiyo ongeza kwenye bei. Dar suji ilitetemeka kidogo ikatulia. Nikaona aibu nikaiweka uvunguni mpaka Agosti.

Agosti nikaenda Dodoma kwa dada yangu, nikabeba boksi zima kwenye basi nimelipakata. Wa Dodoma mnajua, kiangazi kile mdomo unapasuka, usiku ukivua sweta la nailoni gizani unaona vimulimuli na unasikia tatata, blanketi linakupiga shoti, mlango wa gari unakupiga shoti. Sikuhitaji draya. Nilisugua fimbo mara tatu tu, kitu kikavuta karatasi kutoka umbali wa kiganja. Elektroskopu niliichaji nikaenda kunywa chai kikombe kizima nikarudi jani bado limesimama, wakati Dar na draya lilikuwa linadumu dakika moja na nusu. Mashine ikatoa cheche ya sentimita 3 buluu, inapasuka kama kijiti, wapwa zangu wadogo wakaanza kugombania mpini. Sentimita 5 haijafika, ila siwalaumu tena.

Na suji sasa. Jamani. Vyuma viwili vya ncha, mmoja pozitivu mmoja negativu, punje zikajipanga kutoka huku zikapinda zikaingia kule, kama mbavu za kikapu. Nikabadilisha nikaweka vibamba viwili sambamba, katikati mistari ikanyooka imepangana kama meno ya chanuo, pembeni tu ndo inavimba kwa nje. Nikaweka pete ya chuma katikati, nje ya pete mistari imekuja imeigonga imenyooka kabisa, ndani ya pete suji imelala ovyo ovyo kila punje na upande wake. Mpwa wangu wa darasa la saba akauliza "mjomba, humo ndani umeme umeogopa?" Nikamwambia humo ndani hakuna uga, chaji za chuma zimejipanga juu ya ngozi ya nje mpaka zikaufuta. Ndo maana radi ikipiga gari lenye bodi la bati wewe wa ndani unapona, sio kwa sababu ya matairi ya mpira kama wanavyosema vijiweni, radi imetoka mawinguni kwa hewa tupu sentimita chache za mpira zitaizuia nini.

Jioni nikafanya kitu ambacho nilikuwa nakitamani tangu niko chuo. Mipira miwili ya povu, kila mmoja kwenye uzi wa sentimita 30, imening'inia pamoja. Uzito niliupima kabla kwenye mzani wa sonara, mipira minne gramu 0.8, kwa hiyo mmoja 0.2. Nikaigusisha yote kwenye fimbo, ikaachana, ikatulia na nafasi ya sentimita 6 katikati. Ukipiga hesabu ya pembetatu nguvu inayoisukuma ni newtoni 0.0002 hivi. Ukiingiza kwenye kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785, ile ya nguvu kati ya chaji mbili yenye 9 × 10⁹, unapata chaji kama nanokulombu 9 kila mpira, ambayo ni elektroni za ziada bilioni 56 hivi. Bilioni hamsini na sita juu ya kipira cha povu, na uzito haujaongezeka kwa mzani wowote unaouzwa mjini. Uga ambao mpira mmoja unautengeneza pale mwenzie alipo ni kama volti 22,500 kwa mita, bado mbali sana na milioni 3 ya kuvunja hewa ndo maana haitoi cheche. Kwa mara ya kwanza ile kanuni nimeitumia kwenye kitu nilichokishika mkononi, sio kwenye swali la "chaji mbili za kulombu 1 kila moja zimewekwa umbali wa mita 1". Hizo zingesukumana kwa newtoni bilioni 9, uzito wa tani laki tisa, sijui mtunga swali angezishika na nini.

Haya, kikaratasi. Kiingereza cha kuungaunga, hilo nasamehe. Ila ukurasa wa nne wamechora mistari ya uga ya chaji mbili na mistari miwili INAKATANA. Hiyo siisamehi. Uga ni jibu la swali moja: nikiweka kichaji pozitivu hapa, kitasukumwa kwenda wapi? Hapo mahali jibu ni moja. Mistari ikikatana maana yake hapo kwenye makutano kichaji kina majibu mawili, aende wapi sasa, kushoto au kulia? Nimeufuta kwa peni nyekundu na nimewaambia watoto atakayekuja kuchora hivyo kwenye mtihani atakuwa amenifanya adui. Tena hakuna neno hata moja kuhusu unyevu mpaka mstari wa mwisho kabisa, herufi za sisimizi: "tumia mahali pakavu". Kitu hiki wanakiuza Dar es Salaam! Kingekuwa kimeandikwa kwenye mfuniko kwa rangi nyekundu nisingeaibika mbele ya watoto.

Kama 85,000 huna, usinunue, nakwambia kweli. Kipande cha bomba la maji la PVC la nusu inchi urefu wa mkono, ukilikausha na kulisugua kwa tishu kavu au sweta la sufu la mtumba, linashinda fimbo zote tatu za humo ndani. Elektroskopu unaitengeneza kwa chupa ya jemu, waya wa shaba na foili. Elektroforasi ni sahani ya bati ya keki umegundishia kikombe cha plastiki katikati kama mpini, chini weka kipande cha plastiki. Kasoro mashine na kisahani cha suji, hivyo ndo huwezi kuvifanya kirahisi. Kwa upande wa mistari ya uga kuna programu ya bure ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ile inaitwa Charges and Fields, unaweka vichaji vya nanokulombu 1 unaona mishale na ukisogeza kipimo unasoma nguvu ya uga, mita 1 inasoma kama 9, mita 2 inashuka mpaka 2.25, mita 3 inabaki 1, mtoto anaiona robo na moja ya tisa mbele yake bila kuambiwa. Na haijali masika. Ila mi siiweki peke yake, nilishawahi, yule mbishi akasema "Ticha kwenye simu hata mtu anapaa", na alikuwa na hoja.

Kwa hiyo nyota. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kokote unakosikia bahari: nyota 2 na nusu masika, 3 na nusu kuanzia Juni, na hesabu draya kama sehemu ya bei. Ukiwa Dodoma, Singida, Iringa kiangazi: nyota 4 na nusu, nusu nimeitoa kwa sababu ya ukurasa wa nne. Chombo cha elektroforasi nakipa 5 popote.

Yule kaka wa Kariakoo nilimpitia wiki iliyopita nikamwambia mambo ya unyevu, akanisikiliza vizuri tu, akasema "kumbe! mi walikuwa wananirudishia nikadhani mabovu", akanionyesha chini ya kaunta, boksi tatu za watu wengine. Tukaweka moja juani pale nje nusu saa, tukasugua. Inafanya kazi. Kama ulirudisha yako mwezi wa nne, kacheki, labda bado ipo.